Ndoano Kooni: Kuizuia na Kuitoa

Ndoano iliyomezwa ni ile iliyopita midomo na taya za samaki ikanasa kooni, kwenye matamvua au ndani ya umio. Ndoano iliyonasa mdomoni hutoka kwa kuzungushwa kidogo tu, na samaki akirudishwa majini kwa kawaida huishi. Ikinasa kooni huwa jirani na moyo, ini na mishipa mikubwa ya damu, na mvuto mmoja wa pupa waweza kumuua samaki ambaye angeishi miaka mingi. Kati ya hali hizo mbili pana sentimita chache na sekunde chache: muda unaopita tangu samaki achukue chambo hadi mvuvi akaze mshipi.

Waliokulia Rusizi huanza kulijua jambo hili utotoni, kabla hawajashika fimbo ya dukani. Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu kati ya Kamembe na Bukavu, kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, ukashuka kwa mwendo wa kilomita 117 hivi hadi Ziwa Tanganyika lililo kwenye mita 770 hivi. Katika sehemu ya juu ya mteremko huo, upande wa Mururu, ndipo kilipo kituo cha umeme cha Rusizi II, kilichoanza kazi mwaka 1989 chini ya SINELAC, shirika la pamoja la Rwanda, Burundi na Kongo. Upande huo pia pana mpaka wa Rusizi II, ambapo wachuuzi huvuka na mizigo yao na biashara huzungumzwa kwa Kiswahili. Isambaza, dagaa walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, huvuliwa usiku kwa taa na nyavu. Ndoano ni ya samaki wengine: tilapia, furu, kambale na kuyu. Chini ya mita 70 hivi maji ya Kivu hayana oksijeni, hivyo samaki hao hukaa karibu na kingo, mahali ambapo mtoto mwenye mwanzi na kopo la nyungunyungu anaweza kuwafikia.

Mafunzo ya ukingoni huwa mafupi. Mtoto huchomeka mwanzi kati ya mawe, huenda kutafuta chambo kingine, akirudi hukuta mshipi umekaza na furu mdogo ametulia chini, ndoano imezama hadi haionekani. Akivuta, hutoka ndoano pamoja na kipande cha utumbo. Samaki aliyekuwa mdogo mno hata kwa kitoweo ameharibika, na chambo kimekwisha. Anayeona hayo mara kadhaa huacha kuuchomeka mwanzi: huushika mkononi. Nusu ya elimu yote ya ndoano iliyomezwa imo katika badiliko hilo moja.

Nusu ya pili hujitokeza wazi zaidi kwa samaki anayeitwa besi, yule mwenye mdomo mkubwa aliyetoka Amerika Kaskazini. Katika Afrika Mashariki makao yake maarufu ni Ziwa Naivasha nchini Kenya, alikopelekwa mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Kamba wa maji baridi wa Louisiana walipoingizwa ziwani humo mwaka 1970, walikuwa chakula chake kikuu. Besi huvizia kando ya mafunjo na chini ya magugu yanayoelea, na hukivamia chochote chenye uhai kinachopita. Chambo kinachompata kwa urahisi ni nyungunyungu wa plastiki laini, aliyebuniwa na Nick Creme huko Akron, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, mwaka 1949. Tangu hapo wavuvi wamegundua kwamba sifa ileile inayokifanya chambo hicho kivue sana ndiyo inayosababisha ndoano imezwe.

Besi hali kwa kung'ata. Hufungua kinywa ghafla, maji yakavutwa ndani pamoja na kilichomo, kisha hufumba na kuyatoa maji kupitia matamvua. Tendo lote huisha kabla jicho halijapepesa. Akikuta chambo cha mti au bati, huhisi ugumu na kutema papo hapo. Plastiki laini haimshtui: inabonyea mdomoni kama nyama, na mara nyingi kiwandani hutiwa chumvi au harufu. Basi hukishikilia chambo, huogelea nacho, hukigeuza na kukisukuma kooni. Mvuvi aliyezoea vyambo vigumu hudhani bado ana nafasi ya kungoja, na kila sekunde anayongoja humpa samaki ruhusa ya kumeza.

Samaki wa Kivu na Rusizi humeza kwa namna zao. Tilapia na furu wana taya za pili ndani ya koo, zinazosaga chakula baada ya taya za mbele kukipokea. Ndoano ndogo yenye nyungunyungu hupita taya za mbele bila kuhisiwa na kufika kwenye msagio huo wa ndani. Kambale hupapasa chini kwa sharubu zake, hasa usiku, hukiokota chambo bila haraka na kuendelea na safari yake, na mshipi hautikisiki sana. Kuyu anayeishi kwenye maji yaendayo kasi huchukua na kukimbia, hivyo mara nyingi hujinasa mwenyewe mdomoni. Tofauti hizi humwambia mvuvi lini awe macho zaidi: kwa kambale na besi kimya si dalili ya usalama.

Kinga ya kwanza ni mshipi usiolegea. Mshipi uliolegea hauleti habari: samaki huchukua, hutembea, humeza, na mkono haujui. Katika Ziwa Kivu upepo huupinda mshipi juu ya maji, na katika Mto Rusizi mkondo huufanya upinde chini ya maji. Hali zote mbili huficha mguso wa samaki. Dawa ni risasi nzito kidogo kuliko ile iliyozoeleka, ya kutosha kukikalisha chambo mahali pake, pamoja na kupunguza urefu wa mshipi ulio nje. Anayevua kwa chelezo hupima kina kwanza, kisha hufupisha uzi wa chini ili chelezo, risasi na ndoano vikae karibu na mstari mmoja. Chelezo kinachoelea juu ya uzi uliojikunja huzama muda mrefu baada ya chambo kwisha kuingia kinywani.

Ikumbukwe pia kwamba chini ya bwawa lolote la umeme maji hupanda ghafla mitambo inapofunguliwa. Mvuvi wa mshipi hukaa mbali na mfereji wa kutolea maji na huheshimu mabango yaliyowekwa, kwani mkondo wa namna hiyo humchukua mtu kabla haujachukua samaki.

Kinga ya pili ni kuzitambua dalili. Dalili ya kawaida ni kugonga: mguso mmoja au miwili mifupi inayofika mkononi kama mtu anayebisha hodi kwa kidole. Nyingine ni mshipi kwenda pembeni bila sababu. Ya tatu, ambayo wengi huikosa, ni mshipi kulegea ghafla wakati chambo kinazama. Mvuvi hudhani kimefika chini, kumbe samaki amekichukua na anaelekea kwake. Anayehesabu moyoni tangu chambo kiguse maji hujua kinachukua muda gani kufika chini mahali hapo. Kikitulia mapema kuliko hesabu, kuna kinywa kimekipokea. Kwa anayevua bila fimbo, kidole cha shahada kinachoshika mshipi ndicho kipimo bora: hulazwa juu yake bila kuubana, na huhisi hata samaki anayenyonya tu.

Kinga ya tatu ni wakati. Usemi wa zamani wa ukingoni, kwamba samaki aachwe ale kwanza, ulifaa kwa ndoano kubwa yenye samaki hai, ambaye mlaji humshika kiunoni kisha humgeuza kichwa mbele kabla ya kumeza. Kwa nyungunyungu laini usemi huo huua. Inayofaa ni hatua mbili: kukusanya ulegevu wote wa mshipi hadi uzito wa samaki uhisike, kisha kuinua fimbo kwa mkono thabiti. Hatua hizo hufuatana bila kituo. Anayeinua kabla ya kukusanya ulegevu humkosa samaki na kulaumu haraka yake. Safari inayofuata hungoja, na samaki humeza. Ulegevu ndio uliomponza mara zote mbili, wala si haraka.

Kinga ya nne ni ndoano yenyewe. Ndoano ndogo humezwa kwa urahisi kuliko kubwa, kwa hiyo mtu anayevua tilapia wa kitoweo hana sababu ya kutumia ndoano inayofaa kwa vidagaa. Kwa nyungunyungu wa plastiki wa besi, ndoano zinazotumika sana ni za kati ya namba 3/0 na 5/0. Kijino cha nyuma ya ncha kikibanwa kwa koleo hadi kilale, ndoano hushika bado, mradi mshipi usilegezwe samaki anapopambana, na hutoka bila kurarua. Ndoano moja ni bora kuliko ndoano ya matawi matatu kila inapowezekana, kwa kuwa ya matatu ikifika kooni hushika sehemu mbili kwa pamoja.

Ndoano ya duara inastahili maelezo yake. Ncha yake imegeuzwa ndani, ikielekea shina. Ikimezwa na mshipi ukavutwa polepole, huteleza juu ya nyama ya koo bila kushika, na inapofika kwenye pembe ya taya hugeuka na kujichoma hapo. Ndiyo sababu hutumika sana katika uvuvi wa jodari kwa mishipi mirefu na katika uvuvi wa samaki wakubwa wanaoachiwa baharini. Masharti yake ni mawili. La kwanza, mvuvi asinyakue fimbo. Akaze tu mfululizo, maana kunyakua huitoa ndoano nje kabla haijageuka. La pili, ncha na shina vilale katika bapa moja. Iliyopindishwa pembeni hupoteza sehemu ya faida hiyo na huweza kushika kooni kama ndoano ya kawaida. Anayetumia fimbo kadhaa zilizochomekwa chini, kama wanavyofanya wanaovizia kambale usiku, hana kinga nyingine inayoikaribia hii.

Pamoja na yote hayo, ndoano itamezwa siku moja. Kinachofuata hutegemea uamuzi mmoja unaopaswa kufanywa samaki akiwa bado majini: analiwa au anaachiwa? Bila jibu, mvuvi humtoa, humgeuza, huchokonoa, hubadili nia, na mwisho wake samaki aliyekusudiwa kuachiwa hufa na aliyekusudiwa kuliwa huteseka bure. Vifaa navyo huandaliwa kabla ya kutupa mshipi: koleo yenye mdomo mrefu na mwembamba, mkasi au kisu kikali, na mahali pa kumlaza samaki palipo na maji au majani mabichi. Kuyatafuta hayo ndani ya mfuko samaki akihema mkononi ni kupoteza dakika ambazo si za mvuvi.

Samaki wa kuachiwa hushikwa kwa mikono iliyoloweshwa, kwa sababu mkono mkavu huondoa ute unaomkinga na maradhi. Besi hushikwa taya ya chini kwa kidole gumba, na mkono mwingine humtegemeza tumboni. Mkubwa akining'inizwa kwa taya peke yake, uzito wake humuumiza maungo ya mdomo. Kisha mvuvi hutazama ndani. Mambo matatu hukaguliwa kwa mpangilio: damu, mahali ilipo ndoano, na kama jicho lake la kufungia mshipi linaonekana.

Ikiwa damu inabubujika kutoka kwenye matamvua, kuchokonoa hakufai. Ikiwa ndoano imepita koo na haionekani, nako hakufai. Katika hali hizo mbili mshipi hukatwa karibu na ndoano kadiri mkasi unavyofika, na samaki hurudishwa majini mara moja. Uchunguzi uliofanywa kwa aina nyingi za samaki umeonyesha kwamba wanaoachiwa na ndoano kooni baada ya mshipi kukatwa huishi kwa wingi kuliko wanaong'olewa ndoano kwa nguvu. Wengi huitoa wenyewe baada ya siku au wiki, na ndoano ya chuma cha kawaida huliwa na kutu. Ya chuma kisichoshika kutu hukaa muda mrefu zaidi, na hiyo ni sababu tosha ya kutoitumia kwenye maji baridi.

Ikiwa hakuna damu, na shina la ndoano linaonekana kooni, ipo njia ya kuitoa kupitia upande wa matamvua. Mshipi hulegezwa. Kifuniko cha shavu huinuliwa taratibu kwa kidole. Ndani yake yataonekana matao ya mifupa yaliyopangwa moja nyuma ya jingine. Upande mmoja wa kila tao una nyuzi nyekundu laini, ambazo ndizo mapafu ya samaki. Upande wa pili una vijino vyeupe vigumu. Koleo huingizwa ikiwa imefumba, nyuma ya matao, bila kugusa nyuzi nyekundu. Humo kooni shina la ndoano huonekana limelala likielekea mdomoni. Koleo hulishika karibu na jicho lake na kulipindua, hivi kwamba jicho lishuke kuelekea tumbo na pindo linyanyuke juu. Ndoano hupinduka, na ncha hutoka kwa njia ileile iliyoingilia. Koleo hutolewa, na ndoano iliyolegea huchukuliwa kupitia mdomoni. Aliyezoea humaliza kabla samaki hajahitaji pumzi nyingine. Asiyezoea ajifunze kwa samaki aliyekwisha kufa na anayeelekea sufuriani, kwa kuwa mpangilio wa koo ni uleule.

Kosa linalofanywa mara nyingi katika njia hii ni kuivuta ndoano badala ya kuipindua. Kuvuta kuelekea mdomoni huizamisha ncha zaidi, na moyo wa samaki uko chini kidogo tu ya hapo, kati ya matamvua na mapezi ya kifuani. Nyama ikikataa baada ya jaribio la kwanza, mkasi ndio ufuate.

Kwa tilapia na furu mwanya wa matamvua ni mdogo mno kwa koleo. Kijiti chembamba cha mwanzi kilichochanwa pacha kwenye ncha hufanya kazi nzuri zaidi. Mshipi hukazwa kidogo, kijiti huteremshwa kando yake hadi pacha ikae juu ya pindo la ndoano, kisha husukumwa ndani kiasi cha upana wa punje ya mchele ili ncha iachie. Kijiti na ndoano hutolewa kwa pamoja, pacha ikiwa bado imelishikilia pindo. Miiba ya pezi la mgongoni hulazwa kwanza kwa kiganja kinachotoka kichwani kwenda mkiani, la sivyo mvuvi atachomwa.

Kambale ana fadhila moja: juu ya matamvua yake kuna kiungo cha kupumulia hewa, hivyo haangamii upesi nje ya maji kama besi au tilapia. Haraka haina sababu, lakini tahadhari inayo. Mapezi yake ya kifuani yana miiba migumu, na kidole kikiingizwa kinywani hukwaruzwa na vijino vingi vidogo. Hushikwa nyuma ya kichwa, miiba ikiwa kati ya vidole. Kwa kuwa humeza hadi tumboni, kukata mshipi ndiyo njia ya kawaida kwa yule wa kuachiwa.

Samaki wa kuliwa ana utaratibu mwingine, na upande wa Rusizi huyu ndiye wa kawaida. Huuawa kwanza, kwa pigo moja zito juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho. Ndoano haitolewi ukingoni kwa kuvuta: samaki hupasuliwa, na ndoano hufuatwa kwa kisu mahali ilipo. Kama mshipi ulikatwa ili kazi iendelee, kipande kirefu cha uzi huachwa kikining'inia mdomoni, ili anayeandaa samaki nyumbani aone kwamba kuna chuma ndani. Muuzaji mwaminifu humwambia mnunuzi. Mwenye ndoano nyingi huzihesabu kabla ya kuondoka ukingoni, na hesabu ikipungua hutafuta ndani ya samaki kabla ya kuwapeleka sokoni. Furu wadogo wanaokaangwa wazima ndio wa kuangaliwa zaidi, kwani wanaweza kufika mdomoni mwa mtoto bila kufunguliwa.

Samaki wachanga hurudishwa, nao humeza ndoano mara nyingi kwa sababu huvamia bila woga. Mahali wanapofululiza kunasa kooni, jibu ni kuhama au kubadili ndoano iwe kubwa. Kila mwaka Rwanda hufunga uvuvi katika Ziwa Kivu kwa miezi miwili hivi ili samaki wazaliane. Mchanga aliyerudishwa akiwa mzima ni sehemu ya akiba hiyohiyo.

Baada ya ndoano kutoka au mshipi kukatwa, samaki hashikwi zaidi ya inavyohitajika. Huwekwa majini wima, mkono chini ya tumbo, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, hadi vifuniko vya mashavu vianze kufunguka na kufunga kwa mpangilio na mkia usukume wenyewe. Hasukumwi mbele na nyuma, kwani maji yanayoingia matamvuani kwa nyuma hayamsaidii. Akilala ubavu mara mbili mfululizo na matamvua yakapauka, hatapona, na ni afadhali ahesabiwe kitoweo.

La mwisho ni masalio. Nyungunyungu wa plastiki aliyechanika hatupwi majini. Samaki humwokota chini na kummeza bila ndoano wala mvuvi, na plastiki hiyo huvimba tumboni, haisagiki, na huziba njia ya chakula. Vipande vya mshipi navyo hunasa miguu ya ndege na makasia ya mitumbwi. Vyote hurudi nyumbani katika kopo lilelile lililoleta chambo.